Maneno Tisa kwa Babu

1

Kufikia siku ya nne ya majaribio, Subilaga alikuwa amejivuna mpaka watu wa zahanati wakaanza kumkwepa. Kila aliyekuja dirishani kuchukua dawa aliondoka na dawa yake pamoja na habari za binti yake, Atuganile: Atuganile ameamkia walimu wote bila kukumbushwa, Atuganile amemtazama mwalimu mkuu machoni, Atuganile ameitwa kucheza nage siku tatu mfululizo, na wasichana walewale ambao mwaka jana walikuwa wakimwita redio. Mama mmoja aliyefuata dawa ya minyoo alisimuliwa yote hayo huku mtoto akimlilia mgongoni, na alipogeuka aondoke akaambiwa asubiri kidogo, kuna jingine.

Alikuwa na haki ya kujivuna. Miaka sita nyuma Atuganile alikuwa hakai darasani dakika kumi. Kengele ya shule ikilia alitoka mbio mpaka kwenye kalavati la barabara ya chini, akajikunja humo, akasikiliza maji. Kwenye jalada lake kliniki waliandika usonji, na daktari mmoja wa zamani, aliyebakiza miezi miwili astaafu, akaongeza kwa kalamu neno la vitabu vya ujana wake: Asperger. Subilaga hakulijua hilo wala lile. Alichojua ni kwamba kila mtu alikuwa na ushauri wake. Mwalimu alisema abembelezwe, kliniki ikasema aachwe atulie mwenyewe, mashangazi wakasema achapwe, na mtoto yuko katikati anavutwa kila upande.

Kilichowapatanisha ni vipuli. Kimoja kilikaa sikioni mwa mtoto, kidogo kuliko punje ya mahindi, kikisoma mapigo ya moyo, jasho na pumzi. Vingine vilikaa masikioni mwa watu wake wa karibu, ambao kliniki iliwaita mzunguko: mama, baba, mwalimu, mratibu wa malezi. Mtoto akianza kuelemewa, mzunguko mzima ulinong'onezwa jambo moja kwa wakati mmoja. Mjulishe dakika tano kabla. Usimguse bega. Zima feni. Hiyo ndiyo Hatua ya Kwanza, na ndani yake aliyekuwa akifundishwa si mtoto, ni wakubwa. Mwalimu Anyimike alikiri mwenyewe kuwa miaka yote ile hakujua kama anapiga kelele mpaka kipuli kilipomwambia.

Hatua ya Pili ilikuwa kitu kingine. Sasa kipuli kinamnong'oneza mtoto. Tabasamu, mtazame, sema asante. Hata neno analotaka kulisema kinalisikia likijiandaa kooni, kinalitengeneza, kinamrudishia likiwa laini kabla hajalitamka. Kwenye fomu ya ridhaa jambo hilo liliitwa kulainisha mawasiliano, na Subilaga aliyasoma maneno hayo mara mbili kwa sababu yalimpendeza. Majaribio yalikuwa ya siku saba. Ya nane mzazi anaweka dole gumba, na mtoto anapata nafasi Shule ya Vipaji ya Ziwani, ambako kuna bwawa la kutengenezea mawimbi lenye urefu wa mita arobaini. Atuganile, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyekwisha kuchora ramani ya kila mfereji na kila kalavati la Tukuyu, alikuwa amebandika picha ya bwawa hilo juu ya kitanda chake.

"Bila Hatua ya Pili hawampokei, mama Atu," Bi Sikudhani, mratibu wa malezi, alikuwa amemweleza. "Bweni lina watoto mia tatu na walezi wanane. Wanataka watoto wasiosumbuana."

Subilaga alielewa vizuri. Baba Atu, aliyekuwa kazini kwenye pampu za Kyela, naye alipopigiwa simu alisema, "Wewe ndiye uko naye kila siku, utakaloamua nimekubali." Basi akawa anahesabu siku tu.

2

Mchana wa siku hiyo ya nne skrini ya zahanati ikawaka nyekundu. Vidonge vyeupe vya presha vilivyoletwa juma lililopita vilikuwa vimekosewa huko vilikotengenezwa: kila kimoja kilibeba nguvu ya vinne. Wagonjwa kumi na sita walikuwa wamevichukua. Subilaga akawapigia simu kumi na watano. Wa kumi na sita alikuwa baba mkwe wake, na baba mkwe hapigiwi simu.

Hapo inabidi nieleze kidogo. Kwa Wanyakyusa wa mtindo wa zamani, mkamwana hamtazami mkwe wake usoni, hamsemeshi, wala jina lake halitaji. Wakikutana njiani, yeye anaingia kwenye majani mpaka mkwe apite. Wengi waliiacha mila hiyo kabla Subilaga hajazaliwa, lakini mzee huyu, fundi mstaafu wa kiwanda cha chai, hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Aliishika, na Subilaga akaishika kwa heshima yake. Kuhusu simu, mzee alikwisha kutoa hukumu: simu nayo ni mdomo. Kwa hiyo miaka kumi na minne walikuwa wameishi nyumba mbili zilizopeana mgongo, hatua hamsini katikati, wakipendana vizuri kabisa bila kuonana. Kila neno lao lilipita kwa mtu, na miaka saba ya mwisho mtu huyo alikuwa Atuganile.

Mjumbe kama yeye hakuna. Watoto wengine ukiwatuma hufikisha nusu, nusu nyingine wakaila njiani pamoja na chenji. Atuganile alichelewa kusema mpaka watu wakakata tamaa, na siku aliposema sentensi nzima kwa mara ya kwanza ilikuwa ujumbe: "Mama anasema maharage yameungua, subiri." Hakuongeza, hakupunguza. Babu alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo akakataa kutumiwa mtu mwingine yeyote.

Subilaga akafunga dirisha la dawa akakimbia nyumbani, ambako mtoto alikuwa amesharudi kutoka shule.

"Atu, nenda kwa babu sasa hivi. Sema hivi: Babu asimeze kidonge cheupe hata kimoja mpaka nilete vingine."

Atuganile akaenda. Baada ya muda mfupi akarudi, akasimama mlangoni, akamtazama mama yake machoni, akatabasamu.

"Nimefikisha, mama. Asante kwa kunituma."

Sikioni mwa Subilaga kipuli kikanong'ona: Mawasiliano yamefanikiwa. Mpongeze. Akampongeza, tena kwa moyo mweupe. Akapika wali na njegere, akapakua, sahani ya mtoto akiitenga vile anavyotaka, njegere zisiguse wali.

Atuganile hakula. Aliizungusha sahani robo, akaiacha, akaizungusha tena robo. Mapigo yamepanda, kipuli kikasema. Ni furaha ya mafanikio.

Subilaga aliitazama sahani ikizunguka. Alikuwa anaujua mzunguko ule tangu mtoto ana miaka mitano. Ndio uliokuja kabla ya kila mbio za kwenye kalavati, na haukuwahi hata siku moja kuwa furaha. Alitaka kuuliza, lakini mtoto alimtangulia: akaingiza kidole sikioni, akakitoa kipuli, akakiweka mezani mbali na chakula.

"Ulinipa maneno tisa," akasema. Ile sauti ya zamani ilikuwa imerudi, kavu, isiyopanda wala kushuka. "Nimepeleka manane. Katika hayo manane, ya kwako ni matatu tu."

"Mengine ya nani?"

"Ya kipuli. Nilifungua mdomo na ya kwako, yakatoka ya kwake. Yametoka hivi: Mama anaomba, babu ukiona vyema, upunguze kidonge cheupe." Akaizungusha sahani. "Nilijaribu mara ya pili. Yakatoka yaleyale na tabasamu. Siwezi kukaa nayo, mama. Si kweli, na nimeyasema mimi."

Subilaga alikwisha kusimama. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Ilisikia mkamwana anamwamrisha mkwe, ikaona ni utovu wa adabu, ikaigeuza amri kuwa ombi. Nyumba nyingine yoyote mtu angeuliza, angechungulia dirishani, angepiga simu kuhakikisha. Wao kwa mila yao hawakuwa na pa kuhakikishia. Walikuwa na mdomo wa mtoto huyu tu, na yeye Subilaga ndiye aliyeruhusu uguswe, huku akitangazia zahanati nzima.

3

Alikimbia, lakini kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ya mzee miguu ilisimama yenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na minne. Atuganile alimpita akaingia ndani.

"Babu amekaa chini sakafuni," sauti yake ikatoka dirishani. "Amemeza kimoja, cha kwanza katika pakiti mpya. Anasema kila siku humeza viwili, mama ameomba apunguze, kwa hiyo amepunguza. Anasema nyumba inazunguka. Nyumba haizunguki."

Kidonge kimoja chenye nguvu ya vinne. Subilaga akapaza sauti. "Mwulize babu kama ananiruhusu niingie."

Jibu likarudi dirishani: "Anasema ukiingia itabidi ainuke akupishe, na akiinuka ataanguka. Anasema ubaki hukohuko."

Mwingine angecheka, na baadaye walicheka sana. Wakati ule Subilaga aligeuka tu, akauegemeza mgongo ukutani, akafumba macho ili aione zahanati kichwani mwake. Kipuli kikamnong'oneza: Mtoto hana kipuli. Mrudishie kipuli. Akakichomoa chake akakitia mfukoni, akaanza kuamuru.

"Mwambie alale chali. Miguu juu ya kigoda. Asiinuke."

"Babu, lala chali. Miguu juu ya kigoda. Usiinuke."

"Siku hizi mjukuu ananiamrisha," mzee akanung'unika ndani.

"Anayekuamrisha ni mama. Mimi nafikisha."

Subilaga alisikia kigoda kikiburutwa. Akasema kile kitambaa cha kupimia presha kiko kwenye kabati la redio, kifungwe mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Akasema namba zisomwe kila zinapotokea, zote mbili. Sauti ya mtoto ikamjia bila kutetemeka: themanini na mbili juu, hamsini chini. Akaamuru babu afunikwe, apewe maji kwa kijiko, kidogo kidogo. Akaita gari la wagonjwa, wakamjibu mvua imekula barabara ya mlimani, nusu saa. Kwa nusu saa hiyo neno lilitoka kwake likapita dirishani likamfikia mzee lilivyo, na neno la mzee likarudi lilivyo, hata alipotukana watengenezaji wa dawa, maana Atuganile alilifikisha tusi zima. Themanini na nne. Themanini na tatu. Babu anasema ana baridi. Babu amenyamaza, anapumua, macho yamefunguka. Themanini na tisa.

Honi iliposikika barabarani ilikuwa tisini na sita juu, sitini chini, na muuguzi aliyeshuka garini alimkuta mgonjwa amelazwa sawasawa, na pembeni yake karatasi yenye namba kumi na mbili na saa ya kila namba. Akauliza nani aliyemhudumia. Subilaga, akiwa bado ameupa ukuta mgongo na mvua inamnyeshea, alitaka kujibu, akamwachia mtoto ajibu. Zahanati ilikuwa imesikia habari nyingi za fahari yake juma lile, na zote zilikuwa za kipuli. Hii ilikuwa ya mtoto wake.

4

Kikao cha siku ya nane kilikaa asubuhi katika chumba cha kliniki. Bi Sikudhani aliketi na majalada yake, Mwalimu Anyimike kando yake. Kutoka Shule ya Ziwani alikuja Daktari Lwiza, mwanamke mpole, mwembamba, aliyesimama kumwamkia kila aliyemzidi umri. Mzee naye alifika, kwa fimbo. Kwa kuwa mkamwana wake yumo ndani, alipewa kiti barazani, chini ya dirisha lililo wazi, akakaa amelipa mgongo. Atuganile alisimama dirishani, kati ya huku na huko.

"Kosa tumeliona na tumelirekebisha," Daktari Lwiza alianza. "Tangu jana maneno ya dawa, ya moto na ya hatari hayalainishwi tena. Naomba radhi kwa mzee. Nafasi ya Atuganile ipo palepale, tunasubiri dole tu."

Ilikuwa rahisi hivyo. Kibao cha kuwekea dole kilikuwa mezani, kimewashwa. Subilaga alikitazama, na moyoni aliliona bwawa, mita arobaini za maji yanayotii, na binti yake amesimama ukingoni.

"Na maneno mengine?" akauliza.

"Mengine yanalainishwa. Ndiyo kazi yake."

"Atajuaje lipi lake na lipi la kipuli?"

Daktari Lwiza alimjibu kwa upole, kama mtu anayetoa habari njema. "Mwanzoni wanajua, mama, ndiyo maana wanahangaika. Baada ya miezi mitatu minne hawatofautishi tena. Hapo ndipo wanapotulia."

Bi Sikudhani akainamia majalada yake. Mwalimu Anyimike akakohoa, akasema lazima naye aseme ukweli: juma lile la majaribio msichana alipata marafiki. Waliitana kucheza. Si jambo dogo.

"Waliniita siku tatu," Atuganile akasema kutoka dirishani. "Nilipokivua hawakuniita. Jana mmoja wao, Tuntufye, akaniita, kwa sababu mpira ukinigusa nasema umenigusa. Wengine wote wanabisha."

Kutoka barazani fimbo ikagonga sakafu mara mbili. Atuganile akainama dirishani, akasikiliza kwa muda mrefu, akarudi akasimama mbele ya meza.

"Babu anasema: Miaka kumi na minne sijauona uso wa mkamwana wangu, na namjua kuliko watu ninaowaona kila siku. Namjua akiwa na hasira, akiwa amechoka, akiwa na furaha, kwa sababu kila neno lake limenifikia lilivyotoka. Juma lililopita mliniletea mkamwana mwingine. Mpole sana huyo, ana maneno matamu, na nusura anizike. Mwulizeni mama Atu nyumbani kwangu atabaki yupi." Akavuta pumzi. "Mwisho wa maneno ya babu."

Subilaga alijua jibu lake, na jibu hilo lilimuuma vibaya. Kukataa kungekuwa kumpokonya mtoto bwawa, yeye mama, kwa dole lake mwenyewe. Mtoto ambaye mambo anayoyataka duniani unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na hili ni la kwanza. Nani alimpa yeye haki hiyo? Fomu haikuwa na mahali pa mtoto kuweka chochote. Akajipa moyo kwamba mtoto akikua atamsamehe, kisha akaona kwamba hata asiposamehe, angalau atakuwa ni yeye mwenyewe asiyesamehe.

"Atu," akasema. "Mjibu babu, umjibu na daktari. Sema: Siweki dole. Wakubwa tutaendelea kuvaa vyetu, sisi bado tunajifunza. Cha mtoto kibaki kusikiliza, kisiseme."

Atuganile akaenda dirishani akayasema. Barazani mzee akaguna mara moja, akaridhika. Msichana akarudi mezani akayasema tena, yote, kwa mpangilio uleule.

Daktari Lwiza akashusha pumzi. "Nasikitika, mama. Kanuni si zangu. Nafasi itakwenda kwa mtoto anayefuata kwenye orodha." Akanyoosha mkono kuzima kibao, lakini msichana alikuwa bado amesimama pale pale mbele yake, mikono imenyooka ubavuni, macho kwenye pembe ya meza.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Ya mama yamekwisha," Atuganile akasema. "Haya ni mengine. Bwawa nalitaka. Kipuli cha kunisemea sikitaki. Nitaomba tena mwakani, na mwakani bado nitalitaka bwawa na bado sitakitaka kipuli. Mkibadilisha kanuni mniandikie."

Bi Sikudhani alikuwa ameacha kuandika. Subilaga alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, maana fahari iliyompanda ilikuwa kubwa kuliko alivyojua kuibeba, na safari hii hakuona haja ya kumsimulia mtu.

Daktari Lwiza alimtazama mama, akamtazama mwalimu, kisha akamgeukia mtoto.

"Maneno hayo amekupa nani?" akauliza.

"Hakuna aliyenipa," Atuganile akasema.